Mitambo Ikizidiwa, Tuambieni

Ukitaka kujua mwisho wa mwezi umefika Kitengela, ingia dukani jioni wafanyakazi wa EPZ wakishalipwa. Foleni ni ndefu, kila mtu ameinamia simu, na mwenye duka anasema, "Ngoja meseji iingie kwanza." Siku moja nilingoja hivyo, unga na mafuta viko kaunta. Nikachoka, nikalipa tena. Baadaye meseji mbili ziliingia pamoja. Nauli yangu ya wiki ikawa imeenda hivyo.

Mambo huwa hivi. Malipo yako huenda kwa seva, ile kompyuta kubwa ya kampuni. Ndani yake kuna prosesa, ambayo ndiyo hupiga hesabu. Watu wengi wakituma kwa wakati mmoja, prosesa inaweza kuzidiwa, na malipo yako yakapanga foleni kama wewe tu.

Wahandisi huona haya wakiwa mbali. M-Pesa ilianza mwaka wa 2007, na hadi 2015 seva zake zilikuwa Ujerumani. Ukimtumia jirani shilingi mia hapa Kitengela, hesabu ilikuwa ikipigwa Ulaya! Siku hizi kuchunga seva ya mbali ni kazi ya kawaida. Kompyuta moja huiuliza seva kupitia mtandao, kila baada ya dakika chache: prosesa yako imebeba mzigo asilimia ngapi? Seva hujibu kwa utaratibu unaoitwa SNMP, uliokuwepo tangu miaka ya 1980 na ambao seva nyingi huja nao tayari. Mara nyingi hakuna programu ya ziada ya kuwekwa. Mzigo ukikaa juu, tuseme asilimia 90, wahandisi wanapata tahadhari.

Sasa swali langu kwa sisi tunaofanya kazi kwenye kampuni za malipo: kama tunaona mzigo ukipanda, mbona mteja ajulie kwenye foleni? Meseji moja fupi ingetosha: "Kuna msongamano. Usilipe mara ya pili, angalia salio kwanza."

Wengine watasema hiyo itaharibu jina la kampuni. Mimi nimesomea masoko, na hofu hiyo naielewa. Lakini mteja aliyelipa mara mbili ndiye huenda na hadithi mbaya zaidi.

Tena ukimya wetu unawapa wezi nafasi. Malipo yamekwama, hujui kinachoendelea, mara simu inalia: "Ni kastoma kea hapa. Sistimu ina shida, weka hii programu tukague laini yako." Jiulize, kama seva nzima inaweza kukaguliwa kutoka mbali bila kuwekewa kitu, huyu anataka kuweka nini kwa simu yako? Programu za aina hiyo zinaweza kumwonyesha skrini yako yote, pamoja na meseji za benki.

Kwa hivyo, malipo yakichelewa:

- Angalia salio na taarifa ya akaunti kabla ya kutuma tena.
- Usiweke programu yoyote uliyoelekezwa na mtu aliyekupigia.
- PIN usimpe mtu, hata akijua jina lako kamili.
- Piga wewe mwenyewe namba rasmi ya huduma kwa wateja.

Na ukiwapata, waulize: leo mitambo imezidiwa? Ni pesa yako, una haki ya kujibiwa.