Jibu la Haraka na Jibu Kamili



Mama zangu na dada zangu, juma hili nina la kukiri kabla ya la kueleza. Jirani yetu mmoja alikohoa kwa miezi minne. Alipimwa kifua kikuu, hakikuonekana. Picha ya CT ikaonyesha uvimbe pafuni, akadungwa sindano ubavuni ili kichukuliwe kinyama cha kupimwa, kipimo ambacho madaktari hukiita biopsi. Mkewe akanijia baada ya darsa, machozi ya furaha yakimlengalenga: daktari amekitazama palepale akasema, "Kiko vizuri, kinatosha." Nami nikahimidi bila kuuliza. Ikatolewa sadaka ya shukrani, watoto wa madrasa wakala mahamri na kumwombea dua. Jibu la mwisho lilipotoka hakuna aliyekwenda kulichukua, kwani mtu si mzima? Lilikaa hospitalini wiki tatu. Lilikuwa saratani.

Kilichokuwa vizuri ni kile kinyama, si pafu.

Nimejifunza baadaye kwamba mtazamo ule wa palepale una kazi yake mahsusi. Mtaalamu hupaka chembechembe juu ya kioo, huzitia rangi ikaukayo upesi, kisha huzitazama kwa hadubini kwa dakika chache. Ataka kujua: je, sindano imefika penye uvimbe? Chembe zatosha? Zisipotosha, huchukuliwa nyingine mgonjwa angali pale kitandani, asije akaitwa tena siku nyingine. Na hilo si jambo dogo, maana sindano ya kifuani yaweza kuvujisha hewa kando ya pafu.

Iko haraka ya namna nyingine, ndani ya chumba cha upasuaji. Kipande hugandishwa kwa baridi, hukatwa vipande vyembamba, na jibu humfikia mpasuaji kwa muda wa kama nusu saa. Aliyeieneza njia hii ni Louis B. Wilson wa Mayo Clinic, Marekani, mwaka 1905. Yasimuliwa kwamba aligandisha vipande kwa baridi ya nje ya dirisha lake. Lakini barafu hiyohiyo huziharibu chembe umbo, na kipande kinachotazamwa ni kidogo mno kando ya uvimbe mzima.

Kwa hiyo majibu ya haraka hayana uzito mmoja. Mtaalamu akisema ameiona saratani, mara nyingi kauli yake husimama. Akisema hakuiona, hapo ndipo pa kutahadhari. Sisi tunaotafuta mwezi wa Ramadhani twalijua hili vyema: wingu likitanda tusiuone, hatusemi kwamba haukuandama. Sindano yaweza kupita kando ya uvimbe, au ikagusa sehemu iliyokufa isiyo na habari yoyote.

Jibu kamili hukawia kwa sababu. Kinyama hulowekwa katika formalini, hutiwa ndani ya nta, hukatwa na kutiwa rangi mbalimbali. Pengine hupimwa hata jeni zake. Yote haya huchukua siku, wakati mwingine wiki. Saratani ya mapafu si moja. Iko ya chembe ndogo, ambayo hutibiwa kwa njia yake, na ziko nyingine ambazo, jeni iitwayo EGFR ikiwa imebadilika, mgonjwa huweza kutibiwa kwa vidonge vilivyotengenezwa kwa ajili ya badiliko hilo. Mtazamo wa dakika chache hauwezi kuyapambanua yote hayo.

Yule bibi aliniuliza kwa nini hakuelezwa. Nilimwambia alielezwa, ila kwa lugha ya wenyewe, tena mlangoni. Jirani yetu sasa ameanza matibabu. Juma lililopita mkewe alikwenda naye kliniki akiwa na karatasi yenye maswali mawili aliyoandikiwa na bintiye: "Je, hili ni jibu la mwisho? Kama silo, nirudi lini kulichukua?" Daktari aliyajibu yote mawili, akamwandikia na tarehe.