Je, Picha Zetu Ziseme Tulipo?



Wapenzi wasomaji, dada yetu mmoja, ambaye hujipatia riziki kwa kushona mabuibui nyumbani kwake, alipiga picha ya cherehani yake ya zamani aliyotaka kuiuza. Mnunuzi asiyemjua alimwomba picha iliyo safi zaidi, naye akamtumia kwa barua pepe. Walikubaliana wakutane sokoni siku ya pili. Jioni ile ile, baada ya sala ya Magharibi, akasikia hodi mlangoni. Alikuwa ni yule mnunuzi. Dada yetu hakuwa amemtajia mtaa wala nyumba, na mumewe alikuwa safarini. Alipomuuliza kupitia dirishani amefikaje, alijibiwa kwa utulivu kwamba picha yenyewe ndiyo iliyomwelekeza.

Mtu yule hakuwa na nia mbaya. Kijana wa jirani alimtolea cherehani nje, akaikagua, akalipa, akaenda zake. Lakini dada yetu hakupata usingizi usiku ule, na swali aliloamka nalo ndilo tunalolileta kwenu leo: je, kuna haja ya picha zetu kubeba alama ya mahali?

Kwanza tufahamu jambo lenyewe. Simu nyingi za kisasa hupokea ishara za setilaiti na kukadiria mahali zilipo. Kamera ikiruhusiwa, huandika ndani ya faili la picha namba mbili, yaani latitudo na longitudo, pamoja na tarehe, saa na aina ya simu. Ukiitazama picha huzioni, lakini anayepokea faili lenyewe anaweza kuzifungua na kuzitia kwenye ramani. Penye mbingu wazi, simu hukosea kwa mita 5 hivi. Kiasi hicho hakitoshi kutofautisha chumba na chumba, ila chatosha kuitambulisha nyumba.

Nguvu ya namba hizo ilidhihirika Desemba 2012. John McAfee, tajiri wa programu za kompyuta, alikuwa mafichoni baada ya kutoroka Belize, ambako polisi walitaka kumhoji. Jarida la Vice, ambalo waandishi wake walikuwa pamoja naye, lilitoa picha yake kwenye intaneti bila kuondoa alama ya mahali, na walimwengu wakajua kwamba yuko Guatemala. Siku chache baadaye alikamatwa huko. Ikiwa waandishi wa habari kwa kazi walighafilika hivyo, mama aliye jikoni na simu yake ana udhuru mkubwa zaidi.

Hata hivyo, si haki kulitazama jambo hili kwa jicho moja. Wako vijana wetu, wa kike na wa kiume, wanaopenda kupiga picha kwa kujiburudisha. Hupiga milango ya nakshi ya Mji wa Kale wa Mombasa, vichochoro vya Lamu, magofu ya Gede na misikiti ya kale iliyobaki kuta. Kwao alama ya mahali ina faida ya kweli. Nyumba hubomolewa, mlango huuzwa, mti hukatwa, na picha inayojua ilikopigwa hubaki kuwa ushahidi. Nani kati yetu hana picha ya zamani sandukuni mwa bibi, ya harusi au ya Idi, ambayo hakuna tena aliye hai wa kutuambia ule ni ua wa nani?

Lakini namba peke yake si kumbukumbu. Katika vichochoro vyembamba vilivyobanwa na nyumba ndefu, ishara za setilaiti hugonga kuta kabla ya kuifikia simu, na alama huweza kuangukia mtaa wa pili. Tena alama huonyesha mahali aliposimama mpiga picha, haionyeshi kilichopigwa. Wala haitasema kwamba ile ilikuwa nyumba ya somo yake bibi, na kwamba pale barazani ndipo watoto wa mtaa walipofundishwa alifu. Hayo huandikwa kwa maneno. Anayependa picha zake zifae wajukuu na aandike chini ya kila picha mahali, mwaka, na jina la jambo. Mistari miwili ya maneno itawafaa kuliko safu ya namba.

Rai yetu basi ni kwamba mpaka wa jambo hili ni mlango wa nyumba. Waliojenga nyumba za mawe za Lamu waliweka daka mbele, mgeni akomee hapo, na njia ya kuingilia wakaipinda ili aliye nje asione ya ndani. Sitara kwao ilianzia kwenye ujenzi. Nasi tumeamrishwa katika Suratun Nuur, aya ya 27, kutoingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na kuwatolea salamu wenyewe. Picha ya sebuleni yenye alama ya mahali humvusha mtu daka bila hodi. Vivyo hivyo picha za watoto wakitoka chuoni au skuli, zikirudiwa kila wiki, humfunza asiyewajua njia yao na saa zao.

Kwa hivyo, mpiga picha aliye njiani, ufukweni au magofuni na aiwashe alama akitaka. Anayepiga nyumbani kwake, au nyumbani kwa watu, na aizime. Kwenye simu nyingi za Android, fungua kamera, ingia katika mipangilio yake, uzime sehemu ya kuhifadhi mahali. Kwenye iPhone, ingia katika mipangilio ya faragha, fungua huduma za mahali, uikataze kamera. Wengine huogopa kwamba kwa kufanya hivyo watapoteza programu ya kibla na nyakati za sala. La hasha. Kila programu ina ruhusa yake. Kibla kitaendelea kujua ulipo hali kamera haijui.

Tukumbuke pia kwamba kuzima leo hakufuti alama zilizomo katika picha za jana. Picha inayotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida huondolewa namba hizo. Ikitumwa kama dokumenti huenda nazo zote. Barua pepe nayo hupeleka faili kama lilivyo, na hapo ndipo dada yetu alipopatikana.

Mabinti, wakalisheni mama zenu leo jioni mwatengenezee simu zao. Ni kazi ya dakika mbili, na ni katika kuwatendea wema wazazi.

Mwenyezi Mungu atusitiri sisi na vizazi vyetu, na azihifadhi nyumba zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.