Betsy Drake na majeraha yasiyoonekana ya Musonoi

Tarehe 27 Juni 2019, udongo uliporomoka katika shimo la KOV, ndani ya eneo la kompanyi ya KCC, na kuua wachimbaji wa mikono zaidi ya 40. Maiti zilihesabiwa, waandishi wa habari walikuja, kisha wakarudi kwao. Mjane anayeshtuka usiku kila baruti inapolia, huyo si rahisi kumhesabu.

Musonoi, site ya wafanyakazi tangu wakati wa Union Minière, iko jirani na mashimo hayo. Kuna vumbi, kuna baruti, na kuna hofu ya kuhamishwa: mwezi wa Septemba 2023, Amnesty International na IBGDH walitoa ripoti juu ya watu waliofukuzwa kwenye nyumba na mashamba yao Kolwezi na kandokando yake ili migodi ipanuliwe. Kuhusu fidia tunabishana kila siku, na ni haki. Kuhusu akili za watu hao, kimya.

Hapa ndipo maisha ya mwanamke mmoja wa mbali yanatugusa. Betsy Drake alizaliwa Paris mwaka 1923, wazazi wake Wamarekani matajiri walioangushwa na msukosuko wa uchumi wa 1929. Mwaka 1948 alicheza filamu na Cary Grant, nyota mkubwa wa Hollywood, na Noeli ya 1949 wakaoana. Mwaka 1956 alikuwa ndani ya meli Andrea Doria ilipogongana na meli nyingine. Watu 51 walikufa; yeye aliokoka. Ndoa ilivunjika mwaka 1962.

Filamu yake ya mwisho, ya 1965, ilihusu simba mwenye makengeza katika Afrika ya Mashariki, Afrika iliyotengenezwa California. Ndiyo iliyozaa mfululizo wa televisheni ulioitwa kwa Kiswahili chetu: Daktari. Yeye mwenyewe aliacha kamera na kwenda kutibu kweli. Alifanya kazi katika hospitali ya magonjwa ya akili Los Angeles, akarudi masomoni, akapata digri Harvard, akatumia maigizo kuwatibu wagonjwa. Alifariki London mwaka 2015, akiwa na miaka 92.

Njia hiyo, saikodrama, ilianzishwa na daktari Jacob Levy Moreno. Mgonjwa halazwi tu na kuulizwa maswali. Anasimama, anaigiza siku ile iliyomvunja. Mwenzake anachukua nafasi ya marehemu, au ya mkubwa aliyemfukuza. Yale yaliyobaki kooni yanasemwa, mbele ya watu wanaosikiliza bila kucheka. Sisi tunaolia msiba kwa nyimbo usiku kucha hatuwezi kusema ni jambo geni kabisa.

Wala si mambo ya wazungu peke yao. Bukavu, tangu 2011, City of Joy inayoongozwa na Christine Schuler Deschryver inapokea wanawake waliobakwa katika vita kwa miezi sita, na ndani ya matunzo yao mna mazungumzo ya kikundi, ngoma na maigizo. Kivu imejifunza hivyo kwa sababu vita vyake vinaitwa vita. Lualaba inaitwa tajiri, basi huzuni yake haina jina. Mwenye shida anapelekwa chumba cha maombi, au, familia ikiwa na pesa, kituo cha Dr Joseph Guislain kule Lubumbashi, karibu kilomita 300.

Maigizo hayatoshi kwa kila ugonjwa, na yakiongozwa na mtu asiyefunzwa yanaweza kufungua kidonda bila kukifunga. Drake mwenyewe alilazimika kusoma. Lakini gharama ya kumfundisha mtaalamu na kumpa chumba ni ndogo kuliko ya lori moja la mgodini.

Pesa zipo. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inataka kila kompanyi inayochimba itoe angalau 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoathirika. Shule, visima na barabara ndivyo vinavyoombwa kwanza, kwa kuwa navyo vinakosekana. Ila wakaaji wana wawakilishi wao mahali miradi hiyo inapochaguliwa, na hakuna kifungu kinachowakataza kuandika mstari mmoja: matunzo ya akili, Musonoi.