Difragi Si Dawa ya Kila Kompyuta

Mwanafunzi yeyote wa Kampala mwenye kompyuta iliyozeeka anaijua safari hii. Mashine imekuwa nzito, ukiiwasha unaweza kwenda kuoga ukarudi kabla haijafunguka, na kazi ya mhadhiri inatakiwa kesho. Unaibeba hadi kwa fundi, kwenye kibanda kilichobanwa kati ya muuza simu na muuza viatu. Fundi anaiwasha, anatikisa kichwa, kisha anasema: "Kaka, hii inataka difragi. Niachie mpaka jioni. Elfu thelathini." Hajauliza tatizo lilianza lini. Hajatazama ndani mna diski ya aina gani. Unalipa, kwa sababu wewe ni mwanafunzi wa Kiswahili na yeye ndiye fundi.

Mimi nimelipa mara mbili. Elfu thelathini ni rolex kumi au zaidi, zile za chapati na mayai, na kwa mtu anayeishi hosteli hilo si jambo dogo. Basi naandika kuipinga biashara hiyo, na pia kulipinga somo la kompyuta la mwaka wa kwanza linaloipa biashara hiyo heshima ya kitaalamu. Ninachodai ni hiki: difragi ilikuwa tiba ya kweli ya ugonjwa wa kweli, lakini kwa kompyuta nyingi tunazotumia wanafunzi leo ama haisaidii kitu, ama inadhuru.

Nianze kwa kuitendea haki. Diski kuu ya aina ya zamani ina sahani za duara zinazozunguka kwa kasi, na juu ya sahani kuna kichwa kidogo cha kusomea kilichoshikwa na mkono unaokwenda huku na huko, mfano wa sindano ya santuri, ila hiki hakigusi sahani. Ukihifadhi faili, kompyuta hutafuta nafasi tupu ya kuiweka. Baada ya miezi ya kuandika na kufuta, nafasi tupu huwa zimetawanyika, na faili moja hukatwa vipande ili ienee. Chukua kamusi ambayo mchapaji amekosea akaweka nusu ya herufi M mahali pake, robo baada ya S, na iliyobaki karibu na jalada la mwisho. Maneno yote yamo, lakini kuyatafuta ni kazi. Difragi huvikusanya vipande hivyo na kuviweka pamoja.

Hesabu yake haihitaji uhandisi. Diski nyingi za laptopu huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja huchukua kama milisekunde 11. Kwa wastani kichwa husubiri nusu ya mzunguko, milisekunde 5 na kitu, mpaka data inayotakiwa ipite chini yake. Ongeza muda wa mkono kusogea, ambao kwa diski hizi hukaribia milisekunde 12, unapata kama 17 kwa kila mruko. Faili yenye vipande 100 itapoteza zaidi ya sekunde moja na nusu kwa kuruka tu, kabla hata hujahesabu muda wa kuisoma. Kompyuta ikiwaka husoma faili nyingi sana. Sasa unaona kwa nini MS-DOS 6 ya mwaka 1993 ilikuja na programu ya DEFRAG ndani yake, na kwa nini waliotumia Windows 98 bado wanakumbuka walivyokaa kutazama viboksi vya rangi vikijipanga kwenye kioo. Siwacheki. Diski zao zilikuwa ndogo, zilijaa upesi, na aliyepanga faili zake aliiona tofauti kwa macho yake.

Lakini hiyo ni Windows 98. Tangu Windows Vista ya mwaka 2007, Windows yenyewe imepangiwa ratiba ya kufanya difragi kila wiki, kimyakimya, bila fundi na bila elfu thelathini. Tena hufanya kwa akili: kipande cha faili kikizidi megabaiti 64, haihangaiki kukiunganisha na wenzake. Diski ya kawaida hutumia zaidi ya nusu sekunde kukisoma kipande cha ukubwa huo, na mruko wa milisekunde 17 juu yake ni kijiko cha maji kwenye ndoo. Kwa hiyo unapompelekea fundi laptopu yenye Windows 10, mara nyingi unamlipa akufulie nguo zilizokwisha kufuliwa Jumatano.

Ikiwa laptopu yako ina SSD, mambo ni mabaya zaidi. SSD haina sahani wala kichwa wala mkono. Kuifikia data iliyo popote ndani yake huchukua kama sehemu ya kumi ya milisekunde au pungufu, iwe jirani au iwe mbali. Vipande vyako 100 vinakugharimu milisekunde 10, muda ambao jicho haliwezi kuuona. Tena mahali ambapo Windows inadhani faili ipo sipo ilipo hasa: kuna chipu ndani ya SSD inayotawanya data kwa makusudi ili sehemu zote zichakae sawasawa. Fundi anapopanga, anapanga picha tu ya diski. Kilichotokea ndani ni kuandikwa upya kwa gigabaiti kadhaa, na chembe za SSD zina idadi yenye kikomo ya kuandikwa na kufutwa. Sisemi difragi ya usiku mmoja itaiua. Nasema umelipa ili kifaa chako kichakae kidogo zaidi.

Kuna mwenzangu wa darasa, mpenda ubishi, aliyenikatiza hapa: mbona Windows yenyewe wakati mwingine hufanya difragi hata kwenye SSD? Ni kweli, hufanya mara moja moja, pale inapotunza nakala za kurejesha mfumo. Kwa kawaida lakini kazi inayofanywa na dirisha lile kwenye SSD ni nyingine, kuiarifu diski nafasi zipi hazitumiki tena, na ndiyo maana tangu Windows 8 dirisha hilo linazungumzia kuboresha diski. Vyovyote iwavyo, Windows ndiyo inayoamua, na haikutumi kibandani.

Mimi si mhandisi, ila saa ya simu ninayo. Laptopu yangu ilikuwa na diski ya kuzunguka ya gigabaiti 500 na RAM ya gigabaiti 4. Kabla ya difragi, kutoka kubonyeza kitufe hadi kuweza kuandika neno la kwanza, ilichukua dakika 2 na sekunde 40. Programu iliniambia asilimia 3 tu ya faili ndizo zilizokatika. Nikaiacha ifanye kazi saa nne nzima. Baadaye: dakika 2 na sekunde 35. Nilirudia mara tatu, na tofauti kati ya jaribio na jaribio ilizidi hizo sekunde tano.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa mahali pengine. RAM ikiwa ndogo, na wewe umefungua Word, kivinjari chenye kurasa kumi na WhatsApp, kompyuta hukosa pa kushikia vitu na kuanza kuvipeleka kwenye diski na kuvirudisha, huku na huko, bila kupumzika. Hapo diski hulemewa hata kama kila faili imenyooka kama mstari wa mtihani. Nilipoweka RAM ya gigabaiti 8, kuganda kukaisha. Nilipoitoa diski ya zamani na kuweka SSD ndogo ya gigabaiti 128, ikawaka kwa sekunde 31. Hiyo SSD ilinigharimu karibu mara tatu ya ada ya fundi, sikatai. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kulipa ada mara mbili.

Wapo watakaosema: haya, haisaidii, lakini inadhuru nini? Mwache fundi ale.

Ninayeishi naye chumba kimoja alikuwa akikusanya data ya utafiti wa mwaka wa tatu kuhusu Kiswahili cha wafanyabiashara sokoni. Alikuwa na mahojiano 23. Aliyarekodi kwa simu, akayahamishia kwenye laptopu, kisha akayafuta kwenye simu ili apate nafasi. Laptopu ikaanza kuwa nzito, na ukitega sikio ulisikia ndani yake mlio mdogo, tik, tik, tik. Fundi, ambaye simtaji, akasema ni difragi, akaiacha ifanye kazi usiku kucha. Mlio ule ulikuwa wa diski inayokufa. Difragi huiamuru diski isome na kuandika maelfu kwa maelfu ya mara, hesabu ambayo diski nzima huimudu na diski mgonjwa haiwezi. Asubuhi kompyuta haikuitambua tena. Mahojiano yote 23 yakapotea. Fundi alijitetea kwamba diski ilikuwa mbovu tangu mwanzo, na hapo alisema kweli kabisa. Kwa kuwa ilikuwa mbovu, kazi ya kwanza ilikuwa kunakili faili na kuzitoa humo, pengine kwa dakika kumi. Mwenzangu amerudi sokoni. Baadhi ya akina mama aliowahoji hawapo tena kwenye meza zao, na mmoja alimwambia hana muda wa kusimulia mara mbili.

Najua ni rahisi kumlaumu fundi peke yake. Ila fundi huyo alisoma wapi? Katika mtihani wetu wa mwaka wa kwanza tuliulizwa tutaje njia nne za kuongeza kasi ya kompyuta. Niliandika difragi, nikapewa alama. Darasa zima tuliiandika, maana imo kwenye maelezo tunayorithishana yakiwa yamepigwa fotokopi mpaka herufi zimefifia. Swali halikusema kompyuta gani, ya mwaka gani, yenye diski gani, ina shida gani. Katika fasihi, mwanafunzi akitaja tamathali za shairi kabla ya kulisoma, mhadhiri humrudishia karatasi. Kwa nini katika kompyuta jibu lisilo na mgonjwa lipate alama zote?

Wahadhiri wetu wanisamehe, sisemi hawajui. Nasema swali limezeeka na hakuna aliyelifuta. Liandikwe hivi: hii ni kompyuta ya mwanafunzi, ina diski ya kuzunguka, RAM gigabaiti 4, Windows 10, na kuna mlio ndani yake; utafanya nini kwanza, na kwa nini? Atakayejibu kwamba atanakili faili apate alama. Atakayeandika difragi asipate. Mitihani ijayo ni mwezi wa tano, na karatasi bado haijachapwa.