Kaa wa Mito Yetu Waorodheshwe

Serikali za kaunti za Migori na Homa Bay ziagize uchunguzi kamili wa kaa wa maji baridi: mto kwa mto, aina kwa aina, kuanzia vijito vya milimani hadi Ziwa Victoria.

Atakayeuliza kaa ana faida gani asome historia ya kwetu. Upofu wa mtoni uliwatesa watu wa kusini mwa Nyanza, likiwemo bonde la Kodera, ambalo leo liko Homa Bay. Mwaka 1946 watafiti Garnham na McMahon walitia dawa ya DDT katika mito ya huko ili kumwangamiza usubi aitwaye Simulium neavei, aliyeeneza minyoo ya ugonjwa huo. Dawa ilifaulu kabla hata haijajulikana mabuu yake yanaishi wapi. Mwaka 1950 van Someren na McMahon ndipo walipotangaza kwamba mabuu hayo hukua yakiwa yamejishika mwilini mwa kaa wa mtoni. Nchini Uganda, wanaopambana na usubi huyohuyo wamegundua kwamba aina fulani ya kaa hubeba mabuu mengi kuliko nyingine. Anayetaka kulinda macho ya watu hana budi kujua ni kaa yupi yuko mto gani.

Kazi hiyo inahitaji utaalamu. Kaa wetu wa mtoni ni wa familia ya Potamonautidae. Jike hubeba mayai chini ya tumbo, na watoto huanguliwa wakiwa tayari na umbo la kaa. Maji hayawasambazi mbali kama yanavyowasambaza watoto wa kaa wa baharini, kwa hiyo kaa wa bonde moja anaweza kutengana na wa bonde jirani kwa vizazi vingi hadi wakawa aina mbili. Kwa macho ya kawaida wanafanana. Mtaalamu huwatofautisha kwa gamba, magando na hasa viungo vya uzazi vya dume. Mwaka 2004 tu ndipo Potamonautes raybouldi, kaa anayeishi ndani ya mashimo ya miti yenye maji nchini Kenya na Tanzania, alipopewa jina la kisayansi.

Wa kale nao wasisahauliwe. Rusinga na Karungu, katika kaunti hizi hizi, zinasifika duniani kwa visukuku vya mamilioni ya miaka. Huko Rukwa, Tanzania, kisukuku cha kaa wa maji baridi wa takriban miaka milioni 25 kilitambuliwa mwaka 2007 na kuitwa Tanzanonautes tuerkayi. Wachimbaji wa visukuku kwetu wakusanye vipande vya magando kwa uangalifu uleule wanaoupa mifupa ya sokwe wa kale.

Wakati hautusubiri. Matope na zebaki kutoka machimbo ya dhahabu ya Migori vinatishia mito, na aina inaweza kutoweka kabla haijaandikwa popote.

Watu wa kuifanya kazi hii wapo. Makumbusho ya Taifa yana wataalamu wa kutunza vielelezo, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi (KMFRI) ina watafiti wa ziwa, na vyuo vikuu vya Rongo na Tom Mboya vina vijana wa kupeleka mitoni. Kinachohitajika ni nyavu, ndoo, chupa za spiriti na posho za wanafunzi. Magavana wa kaunti hizi mbili watenge fedha za kazi hii katika bajeti ijayo.