Chanjo ya Homa ya Mafua Ianzie kwa Mama Mjamzito

Nchini Kenya, anayepata chanjo ya homa ya mafua mara nyingi ni msafiri anayejiandaa kwenda Hija au ng'ambo, mfanyakazi anayelipiwa na bima ya kazini, au mtoto ambaye wazazi wake wanamudu daktari wa watoto katika hospitali ya kibinafsi. Anayelazwa wodini akiwekewa oksijeni kwa sababu ya ugonjwa huo mara nyingi ni mtu mwingine kabisa: mtoto wa miezi minne, nyanya mwenye kisukari, mama mwenye mimba ya miezi saba. Chanjo yenyewe haina kasoro kubwa. Tatizo ni kwamba mfuko wa mtu ndio unaoamua nani aipate, wakati hatari ndiyo ingepaswa kuamua.

Kwa hiyo anayejiuliza kama achanjwe, na achanjiwe wapi, anastahili jibu la aina mbili. La kwanza ni la nyumbani kwake: nani katika familia anaihitaji zaidi, na ataipata wapi kwa usalama. La pili linatuhusu sote kama raia, kwa maana wengi walio hatarini hawataipata hata wakiitaka, mpaka iwafikie pale wanapotibiwa kila siku.

Homa ya mafua huzoeleka vibaya kwa sababu dalili zake hufanana mwanzoni na za mafua ya kawaida. Tofauti huonekana upesi. Homa hupanda ghafla, viungo na misuli huuma, kikohozi kikavu hakiachi, na mtu mzima mwenye nguvu zake anaweza kushindwa kuamka kitandani kwa siku kadhaa. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba kila mwaka watu wapatao bilioni 1 huugua ugonjwa huu, milioni 3 hadi 5 kati yao huugua vibaya, na kati ya 290,000 na 650,000 hufa kwa matatizo ya kupumua yanayoletwa nao. Kwa watoto wa chini ya miaka mitano wanaokufa baada ya virusi hivi kushuka mapafuni, asilimia 99 ni wa nchi zinazoendelea. Yaani ni watoto wetu.

Mbona basi hatuvisikii vifo hivyo? Kwa sababu havitajwi kwa jina lake. Mtoto akiletwa zahanati akiwa na homa, kipimo cha kwanza ni cha malaria. Kikionyesha hana, na akiwa anapumua kwa shida, atatibiwa nimonia, jambo ambalo ni sahihi, lakini ni nadra kupimwa ni kirusi gani kilichomwangusha. Akifariki, faili itaandikwa nimonia. Hata hivyo, watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na wenzao wamekuwa wakipima sampuli za wagonjwa hospitalini kwa miaka mingi, na wamethibitisha kwamba virusi vya homa ya mafua vipo Kenya mwaka mzima, vikipanda na kushuka. Ugonjwa upo hata pale jina lake halipo kwenye daftari.

Hilo la mwaka mzima ndilo linalotutenga na Ulaya. Kule watu huchanjwa kuanzia Septemba au Oktoba, kabla ya baridi kuingia, kwa kuwa msimu wao unajulikana. Sisi tuko juu ya mstari wa Ikweta. WHO huwakutanisha wataalamu mara mbili kwa mwaka kuchagua aina za virusi zitakazowekwa kwenye chanjo: Februari kwa ajili ya kizio cha kaskazini, na Septemba kwa ajili ya kizio cha kusini. Kenya iko kwenye vizio vyote viwili. Kwa mtu binafsi ushauri ni mwepesi: adungwe chanjo mpya zaidi iliyopo na ambayo muda wake wa matumizi haujaisha, bila kusubiri mwezi fulani. Msafiri naye achanjwe angalau wiki mbili kabla ya safari, kwa sababu mwili huhitaji muda huo kujenga kinga. Kwa mahujaji hili lina uzito wa pekee. Saudia huwataka wawe na chanjo ya homa ya uti wa mgongo na pia huwashauri kupata hii ya mafua, kwa kuwa umati mkubwa wa watu hukusanyika mahali pamoja wakiswali, wakila na kulala bega kwa bega.

Swali jingine ambalo msomaji makini atauliza ni kama chanjo hii inafanya kazi. Inafanya, ila si kwa ukamilifu. Katika miaka ambayo aina zilizochaguliwa zimelingana vyema na virusi vinavyozunguka, hupunguza hatari ya kuugua kiasi cha kumpeleka mtu kwa daktari kwa asilimia 40 hadi 60. Wapo wanaoona asilimia hiyo kuwa ndogo mno. Hao wakumbuke chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyoanza kutolewa kwa majaribio magharibi mwa Kenya mwaka 2019. Katika utafiti mkubwa uliotangulia, watoto waliopata dozi nne walikingwa dhidi ya takriban visa 4 kati ya 10 vya malaria. Hatukuikataa kwa sababu visa 6 vilibaki. Tuliipokea kwa sababu katika ugonjwa unaowapata watu wengi, kupunguza sehemu ya mzigo ni kuokoa maisha mengi. Kipimo hichohicho kitumike kwa homa ya mafua.

Tena faida yake haiishii kwenye kuzuia homa. Utafiti uitwao IAMI, uliochapishwa mwaka 2021, uliwafuatilia wagonjwa waliochanjwa muda mfupi baada ya mshtuko wa moyo, na vifo miongoni mwao vilikuwa vichache kuliko kwa wale waliodungwa sindano isiyo na dawa. Kwa nchi ambayo shinikizo la damu na kisukari vinazidi kuenea, hilo si jambo la kupuuza.

Hoja inayonigusa zaidi ni ya mtoto mchanga. Hakuna chanjo ya homa ya mafua inayoruhusiwa kwa mtoto wa chini ya miezi sita, na huo ndio umri ambao mapafu yake hayastahimili. Kinga kuu anayoweza kuwa nayo ni ile anayopewa na mama yake akiwa bado tumboni. Majaribio yaliyofanywa Mali, Nepal na Afrika Kusini yalionyesha kwamba mama akichanjwa akiwa mjamzito, mtoto wake huugua ugonjwa huu kwa kiwango kidogo zaidi katika miezi yake ya mwanzo. Sindano moja inawakinga wawili.

Hofu zipo, na zinastahili kujibiwa bila kumdharau mtu. Chanjo ya sindano haina kirusi hai, kwa hiyo haiwezi kumwambukiza mtu homa ya mafua. Mkono utauma, pengine homa nyepesi itakuja kwa siku moja au mbili, kisha itaondoka. Kuna madhara adimu sana ya mishipa ya fahamu yaitwayo Guillain-Barré, ambayo yakitokea kwa sababu ya chanjo huwa ni kama kisa 1 au 2 katika dozi milioni 1. Aliyewahi kupata mzio mkali baada ya chanjo hii aseme kabla ya kudungwa, na mwenye homa kali asubiri ipungue. Mjamzito apewe ile ya sindano, kwa kuwa ile ya kupulizwa puani ina virusi hai vilivyodhoofishwa.

Mwaka 2014 maaskofu wa Kanisa Katoliki walipinga hadharani kampeni ya chanjo ya pepopunda iliyowalenga wanawake wa Kenya, wakidai inaathiri uzazi, na serikali na WHO wakakanusha. Funzo la mzozo ule halijapitwa na wakati: kampeni inayomfikia mwanamke kabla ya maelezo huacha nafasi ya shaka. Muuguzi anayemweleza mama kwamba sindano hii ni ya kumkinga yeye na mtoto, kwamba mkono utamuuma kesho, na kwamba ana ruhusa ya kwenda nyumbani akafikirie, atafanikiwa kuliko bango lolote.

Wapo pia wanaopinga kwa hoja ya fedha, na hao ndio wa kusikilizwa kwa makini zaidi. Mwaka 2025 vituo vya afya katika sehemu mbalimbali za Kenya vilikosa chanjo za BCG, ile ya kifua kikuu, na polio, na kina mama wakarudishwa nyumbani na watoto wao. Shirika la Gavi, linalosaidia nchi maskini kulipia chanjo, nalo linapunguza mchango wake hatua kwa hatua, na gharama ya chanjo za watoto inahamia kwa serikali. Je, ni busara kuongeza chanjo nyingine, tena inayodungwa kila mwaka?

Mwaka 2016 kamati ya kitaifa inayoishauri serikali kuhusu chanjo ilipendekeza watoto wa miezi 6 hadi 23 wachanjwe homa ya mafua kila mwaka. Miaka imepita na bado chanjo hiyo haimo katika ratiba ya kawaida ya nchi nzima. Kitaalamu pendekezo lile lina msingi, lakini kiutendaji ni zito. Mtoto anayechanjwa kwa mara ya kwanza anahitaji dozi mbili, zikipishana kwa wiki nne au zaidi, na mwaka unaofuata arudi. Kwa mfumo unaoyumba kutafuta BCG, kuanzia hapo ni kujitwisha mzigo kabla ya kujua njia.

Ndiyo maana nasema tuanze na wajawazito na wahudumu wa afya. Kwa wajawazito njia ipo tayari. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu, KDHS, wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba takriban asilimia 98 ya wanawake waliojifungua walihudhuria kliniki ya wajawazito kwa mtaalamu angalau mara moja. Itazame kliniki yenyewe siku ya kawaida: mama anapimwa uzito na presha, anatolewa damu kidoleni, anapewa tembe za kuongeza damu, anadungwa pepopunda kutoka kwenye kichupa kilichotolewa kwenye friji ya chanjo, na yote yanaandikwa katika kijitabu chake cha afya ya mama na mtoto. Dozi ya homa ya mafua ingekaa katika friji hiyohiyo, ikatolewa na muuguzi huyohuyo, ikaandikwa katika kijitabu hichohicho. Dozi ni moja kwa mimba moja.

Mhudumu wa afya naye huathirika pande mbili. Huambukizwa na wagonjwa, kisha akaambukiza wengine wodini kabla hajajua kwamba anaumwa. Kumchanja ni kumkinga yeye na kila mgonjwa atakayemhudumia. Afrika Kusini, kliniki za umma hutoa chanjo hii bila malipo kila mwaka kwa wahudumu, wajawazito, wazee wa miaka 65 na zaidi, na watu wenye maradhi ya kudumu. Hiyo ni nchi ya Kiafrika yenye mizigo yake mingi, na imepanga foleni kulingana na hatari.

Mpaka hapo tutakapofika, familia iamue kwa fedha ilizonazo. Kama fedha zinatosha dozi moja tu, apewe mjamzito. Baada yake afuate mzee, mwenye pumu, kisukari, maradhi ya moyo au virusi vya Ukimwi, kisha mtoto mdogo aliyetimiza miezi sita. Kijana wa miaka 25 mwenye afya njema anaweza kusubiri bila kujilaumu, isipokuwa kama anaishi na mmoja wa hawa au anamuuguza.

Na waende wapi? Waanze kwa kuuliza hospitali ya kaunti au ya misheni iliyo karibu, kwa sababu baadhi huwa nayo kwa bei nafuu kuliko hospitali kubwa za kibinafsi. Popote watakapoipata, mambo machache yakaguliwe. Chanjo hii hutunzwa katika nyuzi joto 2 hadi 8, na ikiganda huharibika, kwa hiyo itolewe kwenye friji yenye kipimajoto, wala si kwenye droo au mkoba. Kwenye boksi husomeka mwaka wa chanjo, kizio ilichotengenezewa na tarehe ya mwisho ya matumizi. Mwambie muuguzi akuonyeshe kabla hajafungua. Asiye na la kuficha hatakasirika. Hakikisha dozi imeandikwa kwenye kadi, kisha kaa hapo kwa dakika 15, kwa kuwa mzio mkali ukitokea huanza mapema na dawa yake inapaswa kuwa karibu. Anayejitolea kukuchanja nyumbani bila sanduku la baridi na bila kadi, mshukuru na umwache aende zake.

Ushauri huu unamfaa mwenye uwezo wa kuchagua. Asiye na uwezo huo anategemea bajeti. Tangu mwaka 2013 huduma za afya ziko chini ya kaunti 47, huku ununuzi wa chanjo ukibaki kwa serikali kuu, na mara nyingi kila upande huunyooshea mwingine kidole. Wakati wa vikao vya wananchi kuhusu bajeti, ombi liwe moja na liwe wazi: kaunti zichanje wahudumu wake wa afya kila mwaka, na Wizara ya Afya inunue dozi za kutosha kuanza na wajawazito, hata kama ni katika kaunti chache kwanza. Tukianza na walio hatarini, gharama itajulikana, imani itajengeka, na mtoto wa miezi minne hatategemea tena bima ya kazini ambayo baba yake hana.