Ramani, Jasho na Lango



Huenda ukashangaa kuona ukurasa huu ukizungumzia viwanja vya gofu. Kwa walio wengi miongoni mwetu, gofu ni nyasi za kijani zinazoonekana ng'ambo ya ua. Lakini uwanja wenye mashimo 18 kwa kawaida huchukua hekta 50 au zaidi, na penye ardhi kubwa hapakosi swali la haki. Ni nani aliyechora ramani? Ni nani aliyetoka jasho? Na ni nani anayeruhusiwa kupita langoni?

Yafaa tujifunze kwa habari za Alister MacKenzie, daktari wa Uingereza aliyeacha tiba akawa msanifu wa viwanja vya gofu. Alifundisha kwamba uwanja mwema humpima mchezaji hodari, na papo hapo humpa furaha aliye dhaifu.

Mwaka 1924 alichora ramani ya Uwanja wa Kale wa St Andrews, huko Uskoti. Uwanja huo haukubuniwa na msanifu mmoja. Uliumbwa polepole na upepo, mchanga, mifugo na nyayo za watu. Hati ya mwaka 1552 ilimruhusu Askofu Mkuu John Hamilton kufuga sungura mahali hapo, lakini ikahifadhi haki ya wenyeji ya kucheza gofu na kandanda, na kulisha mifugo yao. Mwaka 1797 halmashauri ya mji, ikiwa imelemewa na madeni, iliiuza ardhi hiyo. Ilipita karibu karne nzima kabla mji haujairejesha, mwaka 1894, kwa sheria ya Bunge. Hata leo, siku ya Jumapili, isipokuwa wakati wa mashindano machache, mchezo husimama na wenyeji hutembea humo pamoja na watoto wao.

MacKenzie aliupenda uwanja huo, akaichukua hekima yake hadi Marekani. Huko Augusta, katika jimbo la Georgia, yeye na mchezaji mashuhuri Bobby Jones walisanifu uwanja mpya katika ardhi iliyokuwa shamba la miche. Ulifunguliwa mwaka 1933, nao husifiwa duniani kote kwa uzuri wake.

Walakini, tazameni lango lake. Kwa miaka mingi watu Weusi waliingia humo kama wabebaji wa mikoba na watumishi. Mchezaji Mweusi wa kwanza katika mashindano yake makuu, Lee Elder, alicheza mwaka 1975. Mwanachama wa kwanza Mweusi alipokelewa mwaka 1990, na wanawake wa kwanza mwaka 2012.

Tena, tazameni ujira. Malipo aliyoahidiwa MacKenzie yalipunguzwa kwa nusu, na hata nusu hiyo hakulipwa yote. Alifariki Januari 1934, akiwa katika dhiki, kabla ya mashindano ya kwanza ya Machi mwaka huo. Ikiwa msanifu mwenye jina alipunjwa hivyo, kibarua wa jembe atamlilia nani?

Ndugu wapendwa, hatusemi kwamba mchezo ni dhambi, wala kwamba uzuri ni anasa. Msanifu aweza kumfikiria mnyonge katika kila mteremko, lakini si yeye ashikaye ufunguo wa lango. Haki ya wenyeji wa St Andrews ilidumu kwa sababu iliandikwa, ikakumbukwa, na ilipopotea ikadaiwa.

Basi katika jumuiya zetu ndogondogo tujiulize: Ardhi ya wote katika mtaa wetu ni ipi, na hati yake iko wapi? Anayefyeka nyasi zake, je, amelipwa? Na mradi mpya uletwapo na michoro ya kupendeza, ni nani atakayethubutu kuuliza habari za lango kabla ua haujajengwa?